Sura ya Tano: Rostam na Reza Chini ya Paa Moja

Anayetaka kuyaelewa majina ya wanaume wa Iran kwa haraka hupewa kanuni nyepesi. Huambiwa kwamba majina hayo ni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la Kiajemi cha kale: Dariush, Bahram, Khosrow, Rostam, Siavash. La pili ni la Kiarabu: Mohammad, Ali, Hossein, Reza, Mehdi. Mzazi aliyechagua katika la kwanza anajivunia wafalme waliotangulia Uislamu, na pengine dini yenyewe haina nafasi kubwa moyoni mwake. Aliyechagua katika la pili ni mcha Mungu, au walau anaafikiana na utawala ulioshika nchi mwaka 1979. Kanuni hii ina wapenzi wengi kwa sababu humwezesha mtu kumpima mwenziwe kabla hajafungua kinywa. Ubaya wake ni kwamba haipatani na ushahidi. Kwa zaidi ya miaka elfu moja mafungu hayo yamekuwa ghala moja, na nyumba ile ile, mara nyingi baba yule yule, imechota humo kulia na kushoto bila kuona mgongano. Mpaka wa imani katika majina ya Wairani upo, tena ni mkali, ila haupiti pale unapotafutwa.

Tuanze na majina ya kale. Mengi yake ni sentensi zilizobanwa. Dariush, mfalme ambaye Biblia ya Kiswahili humwita Dario, katika Kiajemi cha kale alikuwa Darayavaush, ashikaye wema kwa uthabiti. Ardeshir, ambaye wasomaji wa Ezra na Nehemia wanamjua kwa jina la Artashasta, ni yule ambaye utawala wake umesimama juu ya haki. Khashayar ni atawalaye mashujaa, Khosrow ni mwenye sifa njema, Shapur ni mwana wa mfalme. Mengine yanataja nguvu za mbinguni za dini ya Zoroaster: Mehrdad ni aliyetolewa na Mehr, Bahram limetokana na jina la mungu wa ushindi, Bahman ni nia njema, na Hormoz ni Ahura Mazda mwenyewe, muumba wa vyote, baada ya jina lake kufupishwa na ndimi za karne nyingi. Mengine yanakumbuka enzi ambazo ukubwa wa mtu ulipimwa kwa farasi wake: Tahmasp ni mwenye farasi hodari, Siavash ni mwenye farasi dume weusi. Orodha kama hizi zimejaa katika vitabu vya kuchagulia watoto majina, nazo zina faida yake. Lakini zinaficha jambo kubwa, kwamba majina haya hayakutufikia kwa njia moja.

Rostam, Bahram, Khosrow, Fereydun na Jamshid hayakuwahi kutoka vinywani mwa watu. Yaliishi katika hadithi, kisha Ferdowsi wa Tus akayafunga yote katika Shahnameh, kitabu cha wafalme alichokimaliza karibu na mwaka 1010, na tangu hapo yakawa yanasimuliwa kwenye mabaraza ya watawala na kwenye migahawa ya wachuuzi. Kurosh ni habari nyingine. Huyo ndiye Koreshi wa Biblia, mwasisi wa dola ya Waajemi, aliyekufa mwaka 530 kabla ya Kristo. Lakini Shahnameh haimtaji kwa jina lake, na kaburi lake kule Pasargadae wenyeji waliliita kwa karne nyingi kaburi la mama yake Suleimani. Ilibidi wanazuoni wa karne ya 19, akiwemo Mwingereza Henry Rawlinson, wasome maandishi yaliyochongwa mwambani Behistun, kisha shule na magazeti ya karne ya 20 yaieneze habari hiyo, ndipo Kurosh na Dariush yakawa majina ya watoto wa mjini. Kwa hiyo jina linaloonekana kongwe kuliko yote ni miongoni mwa yaliyoingia karibuni, ilhali Bahram halijawahi kukatika. Mtu anayeyatia yote mawili katika fungu la “majina ya kabla ya Uislamu” amechanganya urithi uliopokezanwa mkono kwa mkono na urithi uliochimbuliwa ardhini, na kanuni imeshapasuka kabla hatujafika kwenye dini.

Tufike sasa kwenye dini. Dola ya Wasasani ilianguka, mfalme wake wa mwisho, Yazdegerd wa Tatu, akauawa mwaka 651, na majina yakaanza kubadilika. Mabadiliko hayo yanaonekana waziwazi katika nasaba moja ambayo Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki wanayo katika rafu za vitabu vyao, ya mkusanyaji wa hadithi, Imamu Bukhari. Yeye ni Muhammad bin Ismail bin Ibrahim bin al-Mughira bin Bardizbah. Majina manne ya mwanzo ni ya Kiislamu bila shaka yoyote, na la tano, la mtu wa nchi ya Bukhara aliyekufa katika dini ya baba zake, si la Kiarabu hata kidogo. Al-Mughira ndiye aliyesilimu. Mwanahistoria wa Marekani, Richard Bulliet, alikusanya nasaba za namna hii kutoka kwenye vitabu vya wasifu wa wanazuoni, akatafuta kile kiungo ambapo jina la Kiajemi la baba linafuatwa na jina la Kiislamu la mwana, na katika kitabu chake cha 1979 akakitumia kukadiria kasi ya watu kusilimu. Mfano mwingine ni Ruzbeh, mwandishi aliyeihamisha Kalila na Dimna kutoka Kiajemi cha zama za kati kwenda Kiarabu: aliposilimu akaitwa Abdullah, na historia inamjua kama Ibn al-Muqaffa. Katika karne hizo za mwanzo, basi, kanuni ya mafungu mawili ina nguvu. Mtu alipobadili dini alibadili jina, na jina lilikuwa tangazo.

Lakini hali hiyo haikudumu. Waislamu walipokuwa ndio wengi, jina la Kiajemi lilipoteza harufu ya ukafiri, kwa kuwa hapakuwa tena na jirani wa kumdhania mtu kuwa bado anaabudu moto. Katika karne ya 10 Wabuyidi, ukoo wa Mashia kutoka milima ya kusini mwa bahari ya Kaspi, waliishika Baghdad yenyewe. Mkubwa wao, aliyejulikana kwa lakabu ya Kiarabu ya Adud al-Dawla na kufariki mwaka 983, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Fana Khusraw. Jirani zao Waziyari walikuwa na amiri aliyeitwa Qabus, yaani Kavus katika mavazi ya Kiarabu, ambaye mnara wa kaburi lake ulianza kujengwa mwaka 1006 na umesimama hadi leo katika mji wa Gonbad-e Qabus. Mjukuu wake, Kaykavus bin Iskandar bin Qabus, alimwandikia mwanawe Gilanshah kitabu cha mawaidha mwaka 1082. Kinaanza kwa kumjua Mungu na Mtume, kinafundisha ibada, na kinapofika kwenye malezi kinamwambia baba kuwa jambo la kwanza analodaiwa na mwanawe ni jina jema. Ilinganishe nasaba hiyo na ile ya Bukhari. Huyu ni Mwislamu anayemfundisha mwanawe Uislamu, na tangu babu hadi kitukuu hakuna hata mmoja aliyepewa jina la nabii wala sahaba. Ferdowsi, ambaye aliwahifadhi mashujaa wa kale kuliko mtu mwingine yeyote, yeye mwenyewe aliitwa kwa kuniya ya Kiarabu: Abolqasem.

Huenda mtu akasema hao walikuwa wakuu wa milimani waliotaka kujipamba kwa utukufu wa zamani, na kwamba Uajemi ulipopata utawala wa dini hasa mambo yalikuwa tofauti. Jibu liko kwa Shah Ismail, mwasisi wa dola ya Wasafawi. Mwaka 1501 aliutangaza Ushia wa Maimamu Kumi na Wawili kuwa dini ya dola, na akausimamisha kwa upanga. Kama kuna mtawala aliyepaswa kuyachukia majina ya kabla ya Uislamu, ni yeye. Lakini mrithi wake alimwita Tahmasp, na miongoni mwa wanawe wengine mmoja alikuwa Sam, jina la babu yake Rostam, na mwingine Bahram. Lugha aliyoitungia mashairi yake mwenyewe, juu ya hayo, ilikuwa zaidi Kituruki. Wala hakuwa Mturuki wa kwanza kufanya hivyo: masultani wa Kiseljuki wa Anatolia, Masunni wenye asili ya nyika za Asia ya Kati, walikuwa wameshapeana majina ya Kaykhusraw, Kaykavus na Kayqubad karne tatu kabla yake. Tahmasp alipotawala, warsha yake ilitoa nakala ya Shahnameh yenye picha 258, ambayo baadaye aliipeleka kama zawadi kwa sultani wa Waturuki, mkuu wa Masunni na hasimu wa ukoo wake. Kwa watu hawa majina ya wafalme wa kale yalikuwa lugha ya utawala bora, na lugha hiyo waliielewa wote waliotawala, wawe wa kabila au madhehebu gani.

Upande wa pili nao haukukaa kimya. Majina ya Kiarabu yalipoingia Iran yalifanywa ya Kiirani, hata Mwarabu akiyasikia hutambua vipande bila kutambua umbo zima. Mfano mkubwa ni Reza. Ni lakabu ya Imamu wa nane, Ali bin Musa, aliyefariki karibu na Tus mwaka 818. Mahali alipozikwa ndipo ulipokua mji wa Mashhad, na kwa kuwa ndiye Imamu pekee kati ya kumi na wawili aliyelala katika ardhi ya Iran, lakabu yake ikawa jina la nyumbani. Ikaunganishwa na karibu kila kitu: Alireza, Mohammadreza, Hamidreza, na Gholamreza, yaani ghulamu wa Reza, mtumishi wake. Kuniya ambazo kwa Waarabu mtu huzipata akiwa mzazi, Wairani huwapa watoto wachanga kama jina kamili: Abolfazl, Abolhassan. Lugha tatu zinaweza kukaa katika maisha ya mtu mmoja. Jemadari mkuu wa Shah Abbas, ambaye daraja lenye matao thelathini na matatu la Isfahan limebeba jina lake, aliitwa Allahverdi Khan: Allah la Kiarabu, verdi ambalo kwa Kituruki ni “ametoa”, na mwenyewe alikuwa Mgeorgia aliyezaliwa Mkristo. Mwanawe Emamqoli, yaani mtumwa wa Imamu, kwa neno la Kituruki la utumwa, ndiye aliyewang'oa Wareno Hormuz mwaka 1622. Kuyaita majina haya ya kigeni ni kusahau nani aliyeyaunda.

Ghala hilo linaonekana kwa macho katika zurkhaneh, nyumba ya nguvu, ukumbi wa mazoezi ya jadi ulioingizwa na UNESCO mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Katikati ya ukumbi kuna shimo la pembe nane, ambamo wanaume hushuka wakizungusha marungu mazito ya mbao. Juu yao, kwenye kiti kilichoinuliwa, huketi kiongozi anayepiga ngoma ya udongo na kengele, akiimba kwa zamu mistari ya Shahnameh na sifa za Ali. Katika utamaduni huo ndimo alimokulia Gholamreza Takhti, mpiganaji mieleka aliyetwaa dhahabu katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Wairani walimpa lakabu ya Jahan Pahlavan, shujaa wa ulimwengu, ambayo katika Shahnameh ni cheo cha Rostam. Mtumishi wa Reza akavishwa taji la Rostam, na hakuna aliyeona ajabu.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika karne ya 20, na halipaswi kupuuzwa. Ni kweli kwamba dola ya Pahlavi iliyageuza majina kuwa siasa. Reza Khan alijichagulia jina la ukoo linaloikumbusha lugha ya Wasasani, akafuta lakabu za kikabaila, na mwaka 1925, katika mwaka aliotwaa ufalme, kila raia akatakiwa kuwa na jina la ukoo. Mwanawe alisherehekea miaka 2,500 ya ufalme mwaka 1971 huko Persepolis, na mwaka 1976 akabadilisha hata kalenda ili ihesabu tangu Kurosh. Katika hali hiyo, kumwita mtoto Kurosh kungeweza kuwa kura ya kisiasa. Lakini ingia ndani ya jumba la kifalme lenyewe. Reza Shah alizaa watoto wa kiume saba: Mohammad Reza, Ali Reza, Gholam Reza, Abdol Reza, Ahmad Reza, Mahmoud Reza na Hamid Reza. Huyo aliyeonekana kuupiga vita ulezi wa masheikh hakumwita hata mmoja Dariush, na jina lake mwenyewe aliloligawa kwa wote saba lilikuwa lakabu ya Imamu. Siasa ilibadili kile ambacho dola ilikisifu hadharani. Desturi ya nyumbani iliendelea na mwendo wake.

Vivyo hivyo kwa Jamhuri ya Kiislamu, ukiligeuza pingamizi upande wa pili. Marais wake wote hadi sasa wamekuwa na majina ya Kiarabu, na mwasisi wake aliitwa Ruhollah, roho itokayo kwa Mungu, sifa ambayo Waislamu humpa Isa. Hata hivyo Bijan Zanganeh, mwenye jina la kijana wa Shahnameh aliyefungwa shimoni kwa ajili ya mapenzi, alikuwa waziri wa mafuta wa marais wawili. Waziri mwingine wa mafuta, aliyetoka katika ukamanda wa Walinzi wa Mapinduzi, aliitwa Rostam Ghasemi. Rais wa zamani Hassan Rouhani, mwanazuoni wa kilemba, ukoo wake wa kuzaliwa ni Fereydoun, mfalme aliyemshinda Zahhak mwenye nyoka mabegani. Sheria ya usajili wa raia inakataza majina yanayotusi matukufu ya Kiislamu, vyeo, na majina yasiyo ya adabu. Mashujaa wa Ferdowsi haiwagusi, na jumuiya za Wakristo, Wayahudi na Wazoroasta imewaachia majina ya lugha na dini zao. Na anayeona kuwa jina la Bahman ni la kipagani mno kwa mtoto wa Kiislamu, atazame kalenda rasmi ya dola: ushindi wa mapinduzi huadhimishwa kila tarehe 22 Bahman, mwezi uliobeba jina la malaika wa Zoroaster. Maana ya asili ya jina haifi, lakini hulala, na watumiaji hawaiamshi kila wanapolitamka.

Majina hayo hayajali mipaka ya Iran pia, na hapo hoja inapata shahidi kutoka Zanzibar. Sultani wa mwisho wa visiwa hivyo, aliyepinduliwa tarehe 12 Januari 1964, aliitwa Jamshid bin Abdullah: Mwibadhi wa ukoo wa Oman mwenye jina la mfalme wa Shahnameh aliyepoteza kiti chake kwa kiburi. Mji Mkongwe ndiko alikozaliwa Freddie Mercury mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, wale Wazoroasta waliohamia India. Na Farrokh, mwenye heri, ni jina la Waislamu wengi Iran. Mwibadhi, Mzoroasta, Mshia na Msunni wamechota mahali pamoja. Upande wa pili, tarihi ya Kilwa humtaja mwasisi aliyesemekana kuwa mtu wa Shiraz kwa jina la Ali bin al-Hasan. Jina hilo la Kiarabu tupu haliwezi kutumika kuthibitisha asili yake ya Kiajemi, wala kuikanusha, kwa kuwa Waajemi wa zama hizo waliitwa hivyo hivyo. Hata uadui husahaulika: Iskandar aliiteketeza Persepolis mwaka 330 kabla ya Kristo na vitabu vya Wazoroasta vikamlaani, lakini Shahnameh ilimfanya nduguye mfalme wa Waajemi kwa baba, na Eskandar likawa jina la Kiirani. Changiz, la yule ambaye majeshi yake yaliangamiza Nishapur mwaka 1221, nalo limo katika orodha za shule.

Je, jina la Mwirani halisemi basi lolote kuhusu imani? Linasema, na mahali linaposema ni ndani ya fungu la Kiarabu. Mwanahisabati na mshairi aliyezaliwa Nishapur mwaka 1048 aliitwa Omar, Omar Khayyam, na mtawala wa Shiraz ambaye Saadi aliandika chini ya ulinzi wake katika karne ya 13 aliitwa Abu Bakr. Uajemi wa wakati huo ulikuwa wa Masunni kwa sehemu kubwa, na majina hayo ya makhalifa yalikuwa ya heshima. Wasafawi walipoleta Ushia, majina hayo yakaondoka katika nyumba za Mashia, yakabaki kwa Wabaluchi, Waturkmeni na Wakurdi wa Kisunni. Leo Omar na Ali, yote ya Kiarabu na yote ya masahaba, yanaweza kumtenganisha Mwirani na jirani yake kwa uwazi ambao Bahram na Mohammad hayajawahi kuufikia. Kanuni ya mafungu mawili iliutafuta mpaka kati ya lugha mbili, na mpaka ulikuwa kati ya madhehebu mawili yanayotumia lugha moja. Lugha inapokuwa kweli alama ya utambulisho, mara nyingi ni kwa wale ambao Kiajemi si cha kwao: Mkurdi anayemwita mwanawe Hiwa, tumaini, au Mwazeri anayemwita Aydin, mwangavu, anaweza kuwa anasema jambo juu ya kabila lake ambalo baba wa Rostam hana haja ya kulisema.

Kwa hiyo anayetaka kulisoma jina la Mwirani aulize maswali mengine. Aulize jina hilo lilifika kwa hadithi iliyoendelea kusimuliwa au kwa jiwe lililosomwa upya, maana Rostam na Kurosh hawakupita njia moja. Aulize ni la kizazi gani, maana jina lililokuwa la siasa mwaka 1971 linaweza kuwa la babu tu mwaka 2025. Aulize ndugu wa mtu huyo wanaitwaje, kwani jina moja peke yake hudanganya, ilhali orodha ya watoto wa nyumba moja huonyesha mkono wa mzazi ulivyochagua. Na anapokuta kaka anaitwa Siavash na mdogo wake Mehdi, asitafute ugomvi wa itikadi kati ya baba na mama. Ameikuta Iran katika hali yake ya kawaida, kama ilivyokuwa tangu siku za Kaykavus bin Iskandar.